Swichi ya Tatu

Kwa akina Mwaisaka kunawaka.
Basi giza hili ni letu wenyewe,
wala si la Tanesco.

Tusajigwe ananimulikia kwa simu, chaji asilimia sita.
Nimesimama juu ya ndoo ya mahindi
kukifikia kiboksi alichokifunga baba yake
kwa kimo chake mwenyewe.

Zishushe zote, alikuwa akisema,
halafu uziulize moja moja.

Ya kwanza, soketi. Napandisha. Imekaa.
Friji linakohoa, linaanza kazi.
Nami nilikuwa nimeshaisingizia hita, maskini,
tuliyoinunua kwa hela ya majani ya chai,
kila kosa la nyumba hii ni lake.
Ya pili, vyumbani. Imekaa.
Tunatazamana, macho yanatuuma kwa mwanga.
Ya tatu...
tap! Gizani tena.

Taa ya nje.
Mvua ya Tukuyu inaipiga tangu Jumatatu,
kava lake limejaa maji kama kikombe.
Haijazimwa tangu msiba, usiku hata mchana.
Sikuwahi kusema inamngoja nani.
Wala mtoto hakuuliza.

Napandisha mbili.
Ya tatu naiacha chini.

"Mama, nibandike chai?"
Bandika.