Ushahidi wa Dobi

Miaka kumi na tisa nimefua jezi za klabu
chini ya jukwaa la magharibi, hapa kando ya mto Skelde,
ambako Ubelgiji ni mvua na mvua ni Ubelgiji.
Mashine nne. Ya nne ina kikohozi.
Usiniulize nani alifunga; sikuwahi kupanda ngazi mechi ikiendelea.
Niulize nani alicheza.

Nguo haijui kudanganya.
Enzi za Wannes, beki wa kushoto,
aliyechomelea mabomba asubuhi na kukaba watu jioni,
jezi ilinijia nzito kama mtoto aliyelala:
jasho, udongo, damu ya pua,
nyasi zimekwama kwenye mshono.
Niliiloweka mara mbili, nikamlaani, nikampenda.
Kila Krismasi aliteremka na chupa ya bia
kuniomba radhi kwa madoa.

Siku hizi jezi zinanukia manukato.
Namba kumi na moja, aliyenunuliwa kwa bei ya hospitali mbili,
alianguka mara saba Jumamosi ile.
Nililisikia jukwaa juu ya kichwa changu
likilia naye, mara saba.
Usiku nikapekua kaptula yake chini ya taa
kama mama anayetafuta chawa.
Hakuna doa. Hakuna hata jani.
Mtu huangukaje mara saba asiguse ardhi?

Sijasema ni mwongo. Nimesema kaptula ilirudi safi.

Mwezi uliofuata akabusu nembo mbele ya kamera.
Jumatatu nembo ikaja kwangu na alama ya mafuta ya midomo.
Alhamisi alikuwa ameshauzwa.
Mjukuu wangu Seppe alikuwa analala na jezi yenye jina lake,
jezi iliyokula mshahara wangu wa siku mbili.
Akaniuliza, bibi, jina linafulika?
Tukaliweka chini ya pasi na karatasi ya kuokea.
Likabanduka herufi moja moja.
Kivuli chake kikabaki.

Novemba. Sikwenda kutafuta dini mpya.
Lieselot wa duka la mikate alitaka mtu wa kumshikia koti
kwenye mbio za baiskeli za matopeni,
shamba la viazisukari, kiingilio yuro tano, supu bure.
Mzunguko wa tatu mnyororo ukakatika.
Akaitwika baiskeli begani kama gunia la unga wake,
akapanda kilima kwa miguu, akateleza, akapanda,
akateleza.
Hakutafuta mwamuzi kwa macho.
Hakushika goti, na goti lilikuwa linavuja;
damu haikupata nafasi ya kuonyeshwa.
Wa thelathini na nane kati ya thelathini na tisa.
Akageuka, akasimama kwenye mvua bila koti
kumngoja wa thelathini na tisa.

Najua, najua. Firmin, mume wangu, hanyamazi:
wapanda baiskeli nao walidungwa sindano
hadi farasi wakaona haya.
Kweli. Sikuona malaika pale shambani.
Niliona watu wachafu.

Jioni ile nikamwambia, nipe hiyo jezi.
Akasita; kwao kila mtu hufua yake.
Nikamwambia, binti, usininyime.
Nina funguo za chumba cha chini.
Uwanja mzima ulikuwa umelala, taa za matangazo zimezimwa.
Nikaitia mashine ya nne, ile ya kikohozi,
jezi moja peke yake, dhambi ya umeme.
Maji yakatoka meusi,
kisha kahawia,
kisha kama chai ya maziwa.
Kokoto moja ikawa inagonga kioo, ngo, ngo, ngo.
Nikapindua ndoo, nikakaa mbele ya kile kioo cha duara,
mikono mapajani,
kama mtu aliyekata tiketi.