Ngazi

Kazi yangu ni ngazi. Mama Apondi huishika chini,
mimi hupanda na pini nne mdomoni,
kwa hiyo mkiniuliza neno nikiwa huku juu
nitawajibu kwa kichwa.

Jumamosi harusi, Milimani.
Alhamisi matanga, Ahero.
Kitambaa ni kile kile, kimefuliwa, kimepigwa pasi,
doa la mchuzi tumeligeuza litazame ndani.
Hema haliulizi linamfunika nani.

Bwana Shen, yule wa lami kule Mamboleo,
alikuja kukodi viti ishirini na vinne
kwa mwaka mpya wa kwao,
Februari, wetu umeshachakaa.
Akaandika kwa kidole kwenye vumbi la gari
michoro minne, akatusomea:
tundika taa, funga rangi.
"Na sherehe yenyewe?" akauliza Mama Apondi.
"Ndiyo hiyo. Ukishatundika, imefika."

Alitaka nyekundu tupu. Nyeupe, alisema,
kwao ni nguo ya kufiwa.
Mama Apondi akayatazama marobota yake,
nyeupe, nyeupe, rangi ya maziwa, nyeupe,
miaka kumi na mmoja ya maharusi wa watu.
Kwake Nyalenda hapajafungwa hata utepe.
Mganga hajigangi, husema,
na hucheka kabla hujamcheka.

Viti viliporudi, vilirudi na taa mbili za karatasi,
zimekunjwa bapa kama chapati.

Juzi Akeyo, bintiye, katoka Russia
(hospitali, si nchi)
na mtoto wa kilo mbili na robo.
Baba hatajwi.
Majirani walikuwa na nguo za kuanua,
kila mmoja ghafla, na mbingu kavu.

Mama Apondi alisimama mlangoni
muda wa kuchemsha chai, ukapita.
Kisha: "Lete ngazi."

Nikafunga nyekundu kwenye bati,
kwenye waya wa nguo, kwenye mpapai
usiozaa. Stima ilikuwa imepotea tangu saa kumi.
Nikaitia simu yangu ndani ya karatasi, tochi juu,
chaji asilimia kumi na moja,
na ukuta wa udongo ukaona haya, ukawa mwekundu.

Wa kwanza kuja alikuwa Nereah wa makaa,
mikono nyuma, kama mtu aliyepotea njia.
"Kuna nini hapa?"

Mimi nilikuwa na pini mdomoni.