Mimba ya Ngapi

Benchi la kliniki, Makadara, ni la mbao,
limelainishwa na wanawake wa miaka mingi.
Julai hii baridi imeingia mpaka kwenye pini za nywele.
Mutinda amenishikia kijitabu cha mama na mtoto
kama mtu aliyekabidhiwa yai.

Sista Kerubo hainui macho. "Mimba ya ngapi hii?"

Swali dogo. Kisanduku chake
hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho.
"Ya kwanza!" akadakia Mutinda, meno yote nje.
Kalamu ikaandika moja.
Ile moja ikasimama wima kama bawabu,
na nyuma yake nikasikia mtu anabisha hodi.

Miaka tisa. Chumba nyuma ya duka la vipuri, Kariobangi,
karai la bluu, redio imepandishwa sauti kwa makusudi,
watangazaji wanabishana juu ya penalti.
Yule mama hakuwa na jina, alikuwa na bei.
Sketi ya shule niliikunja rinda kwa rinda, nikaiweka kitini,
kana kwamba kuna mwalimu angekuja kuikagua.
Kisha homa, siku kumi na moja.
Nyumbani nilisema ni malaria.
Mama akanunua dawa za malaria
nami nikazimeza zote,
kwa sababu pesa alikopa.

Sitaki kuhurumiwa. Wala kuhubiriwa.
Nilikuwa na miaka kumi na saba na shilingi elfu mbili,
hesabu ilikuwa hiyo.
Kitu kimoja tu kinanikosesha usingizi:
mlango uliofunguliwa kwa chuma,
je, bado unakumbuka kujifunga?

Getini nikasema nimesahau leso.
Kijitabu nikakivuta mkononi mwake.

"Sista. Si ya kwanza."

Hapo ndipo akaniangalia.
Hakuuliza ya nani. Hakuuliza kwa nini.
Aliuliza damu ilitoka siku ngapi,
homa ilikuwaje, nani alinitibu.
Hakuna, nikasema.
"Wengi hutoa, wakazaa baadaye bila shida yoyote.
Lakini wewe uliumia, na hukutibiwa.
Kwa hiyo tutakuchunga. Tutapima mlango wa kizazi;
ukionekana kulegea, kuna mshono."

Mshono!
Nina miaka mitano Gikomba na cherehani,
nimepunguza viuno vya suruali za nusu ya Nairobi,
najua uzi unavyoweza kushika
kitambaa ambacho mwenyewe alishakitupa.
Nikacheka. Halafu nikalia,
na Sista akanisukumia karatasi ya chooni, mviringo mzima,
bila kusema neno.

Akaikata ile moja kwa mstari mmoja.
Pembeni akaandika mbili, akatia sahihi.

Nje, Mutinda amenunua njugu, amenibakizia nyingi.
"Leso umeipata?"
Ilikuwa begani mwangu muda wote.

Nikamrudishia kijitabu.
Mutinda anajua kusoma.