Ya Kwenu au ya Kwetu?

Mchango umeingia usiku, umeme wa Mwanga umekatika,
betri ya kompyuta imebaki asilimia kumi na tisa.
Mistari mia tisa na arobaini.
Maktaba yangu nzima ni mistari mia tatu na kumi na miwili.
Mgeni kaja na mizigo mikubwa kuliko nyumba.

Nimeusoma kwa adabu, kama anayehesabu noti za mwenzake.
Msimbo msafi. Majaribio yote yamepita,
hata yale niliyoyatega kwa hila
pale usiku wa manane unapogeuka alfajiri
na kila programu hujikwaa.
Mwilambwe, wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa.
Hatujawahi kuonana. Huweka nukta mwisho wa kila maelezo.

Maktaba yangu inafanya jambo moja:
unaipa 07:15, inakupa saa moja na robo asubuhi.
Basi. Haijui mvua, haijui jua linachomoza wapi.
Niliiandika kwa ajili ya zahanati moja ya Uvinza
iliyokuwa ikituma ujumbe wa vidonge,
na wagonjwa wakimeza kwa saa ya ukutani
dawa iliyopangwa kwa saa ya mdomoni.
Sasa wanaitumia na wakata tiketi wa Kasulu,
na wengine nisiowajua,
ambao hunikumbuka siku ikiharibika tu.

Mwilambwe anataka niongeze saa ya kwao.
"Mama yangu akisema saa saba asubuhi, ni saba ya ukutani.
Kiswahili chake nacho ni Kiswahili."
Hapo ndipo aliponishika.
Nani kanipa mimi muhuri wa lugha?

Milembe, tunayetunza naye, akaandika kutoka Tabora,
yuko stesheni, treni imechelewa tena:
"Kataa. Leo saa, kesho ataleta mwezi mwandamo.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu siku ya tatu atakuwa kaondoka,
jembe utabaki nalo wewe."
Kweli. Nimeshalea michango mitatu ya namna hiyo;
wenyewe walishaoa, walishaajiriwa benki.

Asubuhi nikashuka Kibirizi kununua dagaa.
Boti za Kongo zinashusha vitenge,
mama mmoja anapatana na mchukuzi:
"Kesho saa nne."
"Ya kwenu au ya kwetu?"
"Ya kwetu."
"Haya."
Nikaondoka, nikasahau chenji.

Watu huuliza. Msimbo hauulizi.
Usipouambia, unakisia,
na kosa la kukisia linaishia Uvinza, kwenye koo la mtu.

Kwa hiyo nimechukua mistari kumi na minne tu:
kigezo kimoja, *ya nani*, kisicho na jibu la kukisia.
Usipojibu, maktaba inagoma.
Mia tisa na ishirini na sita nimemrudishia.
Mawio, machweo, kengele, majina ya rangi za anga,
kazi nzuri, nilitamani ningekuwa nimeiandika mimi,
lakini inataka nyumba yake, na mtu wa kuifagia.
Mlango wa katikati nitautoboa upande wangu.
Niliandika "samahani" mara mbili, nikafuta moja.
Tiketi za Kasulu zitakwama. Jumatatu nitatukanwa.

Jibu lilikuja dagaa wakiwa bado jikoni.
"Sikubaliani na yote. Sawa.
Tuongee kesho saa tatu."

Hakusema ya nani.
Nikaanza kumuuliza, nikaacha.
Nimetega kengele mbili.