Jasho la Barafu

Februari, Mbagala. Bati linalia kwa joto,
na Darasa la Pili B tuko themanini na saba
ukinihesabu na mimi. Leo nimejihesabu.

Nimekuja na ndoo. Ndani ya ndoo, gazeti;
ndani ya gazeti, barafu tano za ubuyu
kutoka friza ya Mama Nasri, mia mia,
bado ngumu kama kokoto.
Ubaoni sijaandika kitu.
Chaki imo mfukoni, inanisuta.

"Tazameni," nikasema. Basi. Nikanyamaza,
na kunyamaza kwa mwalimu ni kazi kuliko kufundisha:
ulimi unawasha,
jibu limeshavaa viatu, limekaa mlangoni.

Dakika mbili. Nailoni ikaanza kulowa.
"Inavuja!" akasema Erasto.
"Inavuja!" likaitika darasa, kama linaitikia salamu.
"Inatoka jasho," akasema Kibwana. "Inasikia joto kama sisi."
Wakamcheka. Mimi sikucheka.
Nikayaandika yote mawili:
INAVUJA.
INATOKA JASHO.

Yupo mmoja nyuma, penye dirisha lisilo kioo,
jina lake Sikudhani.
Walimpa jina hilo kwa kuwa hawakumtarajia.
Lakini mtoto huyu anadhani!
Anadhani asubuhi, anadhani kwenye foleni ya uji,
anadhani hadi anasahau kuvaa soksi ya pili.
Akanyosha kidole:
"Mwalimu, ubuyu ni mwekundu.
Kama inavuja, si maji haya yangekuwa mekundu?"

Feni hatuna, lakini kitu kilipita darasani.

Akashika pindo la mtandio wake mweupe,
akaufuta mfuko taratibu, kama anamfuta mtoto machozi.
Tukainama. Dawati moja likaanguka, hakuna aliyeligeukia.
Mtandio umelowa.
Mtandio ni mweupe.
Erasto, asiyejua kushindwa, akaulamba mfuko,
akakunja uso. "Hayana sukari," akasema
kwa sauti ya shahidi aliyeisaliti kesi yake mwenyewe.

Basi yametoka wapi?
Kwenye pumzi zetu. Kwenye mvua ya juzi. Kwa malaika.
Bombani, akasema Yusta,
ingawa bomba letu wiki ya tatu hii halijakohoa.
"Hewani," akasema Zuhura, polepole, akijisikiliza.
"Hewa ya huku ina maji. Kanga za mama hazikauki."
Hapo nusura nilitoe lile neno refu la kitabuni.
Nikaling'ata likiwa nusu.

Maana mimi nilipouliza swali hili,
nina mapengo kama yao,
nilipewa jibu pamoja na kofi.
Jibu nililisahau. Kofi bado ninalo.

Mratibu wa elimu kata akachungulia:
"Mbona kelele? Wanasoma nini hawa?"
"Wanabishana," nikasema.
Akautazama ubao: madai mawili, moja limekatwa mstari.
Akaandika kitu kwenye daftari lake.
Sisi tukaandika kwenye letu.

Barafu tano, vinywa themanini na sita.
Ushahidi ukaliwa, kila mmoja ncha ya ulimi,
na Erasto akakatazwa zamu, akalalamika, akapewa.

Kwenye andalio la somo kuna kisanduku cha tathmini.
Nimejaza: Hawajui bado. Wananusa.

Jumatatu, kabla ya kengele, ninamkuta mlangoni,
mtandio umefuliwa, soksi ni moja.
"Mwalimu, Jumamosi nilikuona unatoka benki,
mle mna baridi.
Ulipofika juani miwani yako ikalowa, ukaifuta.
Nayo ina barafu ndani?"

Nikaivua.
Nikampa.