Daftari la Madeni

Naandika kwa penseli. Kalamu ya wino hugoma
kwa baridi ya alfajiri ya Njoro.
Wanyama wa gereji: chapati nne, hajalipa.
Mwalimu Gathoni: mandazi sita, mwisho wa mwezi.
Na pembeni, msalaba mdogo
kila siku Nabwire alipoharisha.

Ukurasa wa Septemba
una misalaba mingi kuliko madeni.

Kwanza walisema minyoo.
Alimeza dawa, hakutoka hata mmoja.
Wakasema taifodi. Wakasema amiba.
Wakasema maji, nikachemsha maji
hadi sufuria ikaota ukoko mweupe.
Jirani akasema ni jicho:
nani alimsifu mtoto angali mchanga?
Nilicheka. Kisha usiku, kitandani,
nikawahesabu waliomsifu.

Ana miaka mitano, gauni ni la miaka mitatu.
Tumbo limetuna, mapaja yamenywea,
na akikaa mapajani mwangu nahisi mifupa ya makalio
kama mawe mawili ya mafiga.
Kijitabu cha kliniki kina mstari
uliopanda, ukapanda, kisha mwezi wa tisa,
alipoanza kushika kipande cha chapati mwenyewe,
ukalala kama mtu aliyeshindwa na kilima.

Baba yake huendesha kombaini huko Mau Narok.
Hurudi na makapi shingoni, makapi kwenye soksi,
tunamkung'uta mlangoni kama godoro.
Ngano imetujengea nyumba hii, bati kwa bati.
Kila siku kabla ya jogoo
mikono yangu huzama ndani yake hadi viwiko,
na mtoto huja na blanketi lake
nimkatie kipande cha kwanza,
kile cha moto,
kile kisichoandikwa daftarini.

Desemba nilimpeleka Funyula kwa mama yangu.
Kule unga ni muhogo na mtama,
ugali mweusi unaong'ang'ania vidole,
mrenda, na samaki wa kukausha.
Wiki tatu. Alipanda mpera, akakataa kushuka.
Mama akasema, "Huyu hana ugonjwa.
Alikuwa na njaa ya kwao."
Niliudhika. Nilinyamaza.

Tukarudi. Siku ya nne, msalaba.

Usiku ule sikutafuta mdeni yeyote.
Nilisoma pembeni tu, ukurasa kwa ukurasa,
hadi Desemba, nyeupe kabisa.
Si maji: kule alikunywa ya kisima.
Si jicho: kule ndiko anakosifiwa mchana kutwa.
Basi nini kilibaki Njoro tulipoondoka?

Nikanusa mikono yangu.

Tabibu wa Nakuru ni kijana, anaitwa Kibiwott.
Alisoma daftari lote, madeni pia, asicheke.
Akaniambia kuna utumbo usiopatana na ngano,
wala na shayiri; kila tonge ni ugomvi,
na ugomvi hula ukuta wa ndani
mpaka chakula kinapita tu, hakimnufaishi mtoto.
Akataja jina, siliaki.
Akasema "huenda."
Sijawahi kulishika neno dogo hivyo
kwa mikono miwili.

Damu itapimwa. Ila hadi itolewe, akasema,
usimwachishe ngano:
ukiuzima moto kabla shahidi hajafika,
ataapa hakukuwa na moshi.

Siku kumi na mbili.
Nimezihesabu kwenye kalenda ya duka la mbegu,
ile yenye picha ya shamba la dhahabu
nisiloweza tena kulitazama vizuri.
Baba yake hukaa nje kwanza siku hizi,
hujikung'uta mwenyewe, muda mrefu,
kama mtu aliyeshtakiwa.

Leo asubuhi amekuja na blanketi.
"Mama, cha moto."
Nimemkatia. Nimegeuka upande wa jiko.

Kisha nimechukua penseli,
nikaandika katika safu ya madeni, si pembeni:
Nabwire, chapati, kipande kimoja.
Atalipa mama.