Kiwanja Namba 214

Nimetumwa na halmashauri kupima.
Nyuma ya maghala ya korosho, Mtwara,
eneo lote limefunikwa na upupu, tunajikuna mpaka masikioni.
Fomu inauliza: *matumizi ya awali.*
Kisanduku chenyewe hakizidi upana wa kidole.

Mchopa, kijana wangu wa kushika utepe,
anashusha panga, panga linalia.
Saruji.
Tunafagia kwa matawi. Ukingo unajitokeza,
mnyoofu, usawa wa goti,
umejengwa ili watu washukie.
"Msingi wa nyumba ya nani huu, dada?"
Nyumba gani, Mchopa, yenye upana wa hatua nane
na urefu wa kumaliza utepe mara tatu?

Hapa babu yangu, Ausi Nandonde, alishika bendera,
kijani mkono wa kulia, nyekundu kushoto.
Siku aliyokosea, moja tu,
mabehewa mawili ya magogo yalilala ubavu
na karani Pereira akamkata shilingi tatu.
Shilingi hizo tumezirithi.
Kila Idi zilihesabiwa upya.

Karanga, walisema.
Watu wa mbali waliinamia ramani wakaona karanga tupu.
Wakaleta matrekta, wakang'oa miti Nachingwea
mpaka ardhi ikaona haya,
wakatandika chuma kutoka kule bara
hadi kwenye kina cha maji yetu,
wakajenga gati, wakajenga stesheni,
wakaipaka chokaa, wakaitundika saa.
Karanga hazikuisoma ramani.

Treni ilikuja hata hivyo.
Ilibeba mbao, ufuta, barua, mbuzi wa mahari,
na binti mmoja wa Mtama aliyekuja ngomani kwa shangazi yake,
akatapika njia nzima,
akashuka hapa na kiatu kimoja.
Cha pili, bibi Somoe aliapa, kiko Ruo mpaka kesho.
Alimwona mwanamume mwenye bendera mbili
akadhani ni mkubwa serikalini.
Alipojua ukweli, alikuwa ameshamzalia watatu.
Akawa anauza ming'oko dirishani kwa abiria
na kumpigia mumewe saluti
kila treni ilipoondoka.

Mwaka wa sitini na mbili hesabu zilikataa.
Reli ikang'olewa, na babu anasema
treni ya mwisho ilibeba njia yake yenyewe,
kama mtu anayekunja mkeka
huku ameukalia.

Babu hakuyasamehe malori.
Bendera ya kijani ilishonwa foronya, mto wa kichwa chake.
Nyekundu, dereva mmoja aliiomba
aifunge kwenye mbao zilizochomoza nyuma ya gari.
Babu akampa. Usiku huo hakula.
Mataruma niliyakuta Ligula, yamekuwa vizingiti.
Saa sijui ilikwenda kwa nani.
Watu wa Shangani wanasema Chikongola,
wa Chikongola wanasema muulizeni Pereira,
na Pereira alishapanda meli.

Naandika: *Stesheni ya*
Nasita. Ya nini? Ya karanga zisizoota?
Nafuta. Naandika: *Ardhi wazi.*
Mchopa anasoma begani kwangu,
anatazama saruji aliyoifagia kwa jasho lake,
hasemi kitu, anajikuna.
Nafuta tena. Karatasi inatoboka.

Kule juu, shule ya msingi,
mtoto wa zamu anachukua nondo
na kugonga kipande cha reli kilichoning'inia mwembeni,
ngaa, ngaa, ngaa,
chuma kilekile, futi mbili na ushei,
nami niliwahi kukigonga nikiwa darasa la tano
bila kujua nagonga nini.
Watoto wanatoka mbio.

Naangalia saa yangu.
Imechelewa dakika nne.
Babu angeandika hilo kwenye daftari.